Nusu Sentimita

Asubuhi ya kwanza: sentimita ishirini na tisa.
Nimeandika kwa chaki ya bluu mlangoni mwa kabati,
pale ninapoandika viuno vya wateja.
Mguu wa kushoto, mzima: ishirini na tatu.
Tofauti ni sita, Edelmira.
Kwa sita mimi napata kola ya shati la mtoto.

Ni ile ngazi ya nyuma ya duka la mkate,
yenye kidato kilichomeguka tangu mwaka juzi,
na mvua ya Julai ilikuwa imeipaka utelezi.
Watu husema kujikwaa si kuanguka.
Wewe ulijikwaa, ukaanguka,
na barua arobaini zikakupita mbio
kuteremkia bandari ya Valparaíso,
nawe umekaa pale unazihesabu, unaitukana manispaa.
Mfupa haujavunjika, alisema daktari. Ni kano tu.
Hiyo “tu” uliisikia vibaya,
ukavimba uso kabla mguu haujamaliza kuvimba.

Barafu ni ya Nibaldo, muuza samaki.
Huileta kwa ndoo saa tatu, ina magamba ndani,
na chumba kinashinda kikinuka soko.
Naifunga kwa kipande cha flana,
maana barafu tupu huunguza kama pasi.
Dakika kumi na tano. Saa yangu ni cherehani:
nikimaliza mkono mmoja wa koti, naiondoa.
Unaniambia nashona polepole makusudi.

Bandeji haihitaji kunifundisha mtu.
Huanzia vidoleni, hupanda,
kila mzunguko ukilalia nusu ya mwenzake;
isilegee ikawa pambo, isikaze ikawa pingu.
Nabonyeza ukucha: weupe, kisha wekundu urudi.
Ukichelewa, nafumua yote.
Miaka thelathini nafumua, nashona upya. Sioni haya.

Halafu mito mitatu na gunia la vitambaa,
mpaka kisigino kiupite moyo.
Hilo ndilo lililokuudhi kuliko yote.
“Miguu juu, kama kuku wa kuuzwa!”
Lakini mguu huo umeubeba moyo wako
vilima vyote hivi, miaka ishirini na sita,
daima chini yake, ndani ya soksi mbichi.
Wiki mbili tu, acha moyo uuinulie macho.

Siku ya nne: ishirini na saba.
Siku ya tano, jioni: ishirini na nane na robo,
maana nilitoka kununua uzi, niliporudi
nikakukuta dirishani, wima,
unamwelekeza kijana aliyeshika zamu yako
nyumba ya mjane Zulema.
Sikusema kitu. Niliandika namba, kubwa kidogo.
Ukaisoma. Ukarudi kitandani.

Siku ya tisa ukaruhusiwa kuuchezesha.
Andika alfabeti hewani, walisema, kwa kidole gumba.
Ulipofika D ikakuchosha.
Ukaanza kuandika anwani,
nami nazisoma kutoka kwenye cherehani:
bati la kijani, ghorofa ya pili, mbwa anauma.

Nikuambie jambo.
Nilikupima mara moja tu, gauni la harusi,
bega, kifua, kiuno, mkono ukitetemeka,
na kiuno nikakikosea kwa vidole viwili.
Tangu hapo nimepima nusu ya mji huu, wewe sijakupima.
Sikujua una kovu dogo juu ya fundo la mguu,
wala kwamba uvimbe ukishuka
ngozi hubaki na mikunjo myembamba,
kama hariri iliyolala sandukuni.

Leo siku ya ishirini na moja: ishirini na tatu na nusu.
Nusu hiyo imekataa barafu, imekataa mito.
Huenda ikakaa miezi, anasema daktari.
Ikae. Hata mimi huacha akiba ndani ya mshono,
mwili una mambo yake.

Umeshavaa kiatu, kamba umeilegeza.
Mkoba wa barua uko begani.
Futi inaning’inia shingoni mwangu.
Jioni ukirudi, kabla ya chai,
nipe mguu.