Bima ya Trela

Ofisi ya kwanza, pale Birere, waliniuliza:
ni nyumba au ni gari?
Nikasema ina kitanda, jiko, pazia alilofuma Kavira,
na matairi manne.
Gari lisilo na injini? Nyumba isiyo na kiwanja?
Wakanirudishia faili.

Ya pili walitaka dola mia tatu kwa mwaka:
moto umo, wizi umo,
lava haimo.

Nikacheka. Karani Muhindo hakucheka;
viatu vyake vilikuwa na vumbi jeusi kama vyangu.

Nyumba yetu ya kwanza iko chini ya barabara hii,
na sufuria zake.
Ndiyo maana hii ina magurudumu.

Nilirudi bila karatasi.
Nikajaza upepo, tairi moja moja,
nikanunua mnyororo mpya,
nikageuza kulabu ielekee Sake.