Bendera Tatu, Mtaa wa Langoni

Karani Kithi aliileta barua, ina muhuri:
bendera tatu kabla ya Alhamisi, wageni wanakuja.
Ya kwanza futi nane. Ya pili futi nane kamili.
Yetu, "kadiri ya kitambaa kitakachobaki."

Nikasema, "Sawa."
Kinywani, sawa. Moyoni baraza ilikuwa imejaa.

Moyoni sisemi Kiswahili cha barua.
Barua yasema nchi; mimi huko ndani nasema nti,
na nti ni hii iliyo tini ya cherahani yangu.

We mkubwa, nikamwambia bila ulimi, wataka nini hapa muyini?
Akajibu yule wa pili, maana naye humsemea mimi:
Nataka atakacho mwenzangu, kabla hajakitaka.
Nikacheka. Mwanamkuu akainua kichwa kwenye vitabu vyake.
"Mama, wazungumza na nani?"
"Nahesabu vishono."

Uzi mwekundu uliisha usiku. Nikafumua
pindo la koti la marehemu babake, nikaendelea.
Yetu nikaizidisha upana wa ukucha.
Hakuna atakayepima.
Nayua mimi.

Alhamisi upepo ukagoma. Bendera zote tatu
zikaning'inia kama leso zilizosahauliwa kuanuliwa.
Wakubwa wakashikana mikono, wakatabasamu kwa kamera,
na nikaona, mmoja taya lake lilikuwa likitafuna,
na hana kitu kinywani.
Naye, kumbe. Naye ana watu ndani.

Jioni karani akaja na daftari:
ile ya tatu, bei gani?
Kinywani, mia tano.