Nguzo ya Arobaini na Moja

Saa kumi za usiku, kizuizi cha Birkat al-Mawz.
Askari anamulika magurudumu, kisha nyuso.
"Mnapanda mlimani kwa shughuli gani?"
Kaka yangu Zahran anautazama usukani.
Biju wa Kerala, fundi wa majokofu, anakohoa.
Basi nasema mimi: "Kuna helikopta."
Askari anangoja sentensi imalizike.
Imekwisha.

Tunaifuata tangu Februari, tangu Yanqul,
ilipokuwa ikishusha matangi ya maji kwenye vilele
ambavyo hata punda huvipanda kwa kubembelezwa.
Wenzangu hospitalini huenda Salala kutazama mvua;
mimi likizo yangu nimeila juu ya miamba,
shingo imekakamaa, chai imepoa kwenye chupa.

Huioni kwanza. Husikii hata sauti,
ni kifua tu kinachobishwa hodi kwa ndani.
Kisha ukingo wa bonde unatema kitu chekundu,
tumbo kubwa, miguu myembamba,
mbu aliyemeza ngamia,
na chini yake, kwenye kamba ya mita sitini,
nguzo nzima ya umeme inasafiri wima
kama mgeni aliyekataa kuketi.

Rubani hatumjui jina. Tunamjua kiwiko.
Hukitoa dirishani pamoja na kichwa,
akatazama chini, chini kabisa,
kama mtu anayepima kina cha kisima.
Zahran humwita Cherehani.

Biju anatueleza, vidole vingi kuliko Kiarabu:
mafuta ni uzito, kwa hiyo haijazi tangi,
hurudi kila baada ya dakika arubaini kunywa kidogo;
hewa ikipata joto hulegea, haishiki kitu,
ndiyo maana saa nne asubuhi mlima unafunga duka.
Na ndoana usiiguse kabla haijagusa ardhi:
imekusanya umeme wa angani njia nzima
na itausalimu mkono wa kwanza kuufikia.

Leo ni ya arobaini na moja, juu ya Hayl al-Rumman.
Inakuja.
Inaanza kuzunguka, polepole,
kisha si polepole.
Wanaume wanne wenye kofia za njano wanarudi nyuma.
Kalamu ya Zahran imebaki hewani.
Angeweza kuiachia; kitufe kiko kidoleni,
na nani angemlaumu?
Badala yake anashuka, anazidi kushuka,
anaigusisha nguzo miguu kwenye konde tupu
mpaka kizunguzungu kinaitoka,
anainyanyua upya.
Miguu minne, matundu kumi na sita.
Kugusa hatukusikia. Tuliona kidole gumba
kikiinuliwa kule juu, kidogo kuliko punje ya mchele.

Ndipo akatokea Bi Ghaniya,
vumbi mpaka kwenye kope, sinia tupu mkononi.
Mawaridi yake ya alfajiri nzima,
yaliyokuwa yakingoja chungu cha kukamulia marashi,
yalikuwa yamepeperuka na upepo wa mapanga.
Akakiona kizibao cha Biju kinachong'aa.
"Nyinyi ndio kampuni?"
"Hapana, mama. Sisi tunatazama tu."
"Mnalipwa?"
"Hatulipwi."
"Mmetoka wapi?"
"Nizwa."
Alitutazama mmoja mmoja,
kama aliyeonyeshwa ndama wa vichwa viwili.
"Basi okoteni."

Tukaokota. Kwenye falaji, chini ya mikomamanga,
kwenye ua la mbuzi aliyekuwa ametangulia kula,
moja ndani ya kiatu cha Biju.
Iliporudi, ndoana tupu ikining'inia,
tulijitupa juu ya sinia, watu wazima watatu,
migongo juu, macho kwenye petali.
Bi Ghaniya peke yake ndiye aliyeitazama,
kiganja juu ya nyusi, mpaka ikapotea.

"Yule anayechungulia," akauliza,
"hula saa ngapi?"

Miezi mitatu. Madaftari mawili.
Hatukuwa na jibu.