Futi ya Mama

Futi hii ilikuwa ya mama, fundi cherehani wa Barani:
njano iliyochuja, upande huu inchi, huu sentimita,
namba za mwanzo zimeliwa na kidole gumba.
Mama hakumwambia bibi harusi apunguze bega.
Aliuma pini, akakata kitambaa upya,
na kila nguo akaiongezea inchi moja.
"Ya kupumulia," alisema. Hakuitoza.

Mimi sishoni. Napima milango ya Malindi.
Kwenye barua kazi yangu ina jina refu,
afisa wa ajira jumuishi;
nyumbani hulifupisha: "Huyu hutafutia walemavu vibarua."
Siku hizi siwasahihishi kabla ya chai.

Hoteli ya kwanza. Lango kuu: sentimita tisini, sawa.
Choo cha wafanyakazi: hamsini na nane.
Meneja ananiletea juisi ya ukwaju.
"Sisi tunawapenda sana hao watu."
Naandika: hamsini na nane.
Naandika pia: *hao*.
"Tutakupigia."
Laini yangu imejaa watu watakaonipigia.

Yuko Tsuma, asiyesikia, mwenye mikono ya unga.
Kwenye tanuri la mikate kule Maweni
kengele ilikuwa ikimlilia bure.
Siku mbili tulibishana, mimi, tajiri na fundi umeme,
mpaka taa nyekundu ya shilingi mia tatu na hamsini
ikachukua kazi ya kengele.
Sasa wenzake nao huitazama taa.
Kwa redio ile yao, nani aliwahi kusikia kengele?

Lakini nisijipake asali.

Mwaka wangu wa kwanza nilimpeleka Kahindi
kwenye ofisi yenye zulia na kiyoyozi.
Wakamweka mlangoni, kando ya bendera,
wageni wakaja, wakainama, wakapiga naye picha.
Kalamu hakupewa.
Mimi daftarini nikatia tiki: *amepata*.
Siku ya tisa alijisukuma juani kutoka Muyeye,
wala hakupaza sauti.
"Dada, umenitafutia kiti. Kiti ninacho.
Nilikuja kwako kutafuta kazi."

Tiki ile sijaifuta.

Kwa hiyo alipokuja Nyevu na cheti chake cha uhasibu,
kimefungwa nailoni kisile jasho,
sikumuuliza ana tatizo gani.
Nilimuuliza jinsi ya kusawazisha vitabu.
Akaeleza, nikapotea njiani, nikatikisa kichwa kama mjuzi.

Bwana Salmin anauza vifaa vya ujenzi,
hesabu zake zinalala katika maboksi ya misumari.
"Kusema kweli, mwanangu, tatizo ni hicho kizingiti."
Nikapiga magoti, nikapima: sentimita kumi na sita.
"Saruji unauza?"
"Nauza."
"Mchanga?"
"Si huo hapo nyuma."
Nikanyamaza.
Akakitazama kizingiti kama mgeni
aliyelala kwake miaka ishirini bila kuulizwa jina,
kisha akacheka, akaita fundi.

Mteremko ulimwagwa Alhamisi.
Usiku paka akapita kabla haujakauka;
nyayo zake nne ziko pale, hazijazibwa,
na magurudumu ya Nyevu huzikanyaga kila asubuhi.

Wiki ya tatu nikampigia kumjulia hali.
"Nani? Aah. Niko kazini, dada, nipigie jioni.
Lori la mabati limefika na risiti hazilingani."
Akakata.
Nikabaki na simu sikioni
nimefukuzwa vizuri.

Kesho nitakuwa Gongoni, kwenye kiwanda cha chumvi.
Naikunja futi. Namba moja haisomeki tena,
kwa hiyo huanzia kwenye mbili,
na ile inchi iliyofutika
siitozi.