Saini Mbili

Amarillo, saa tatu asubuhi, benki ndiyo imefunguliwa.
Trela nimeliegesha nyuma, jokofu linanguruma,
tani ishirini za nyama ya ng'ombe
zinasubiriwa Memphis kesho alfajiri.
Bi Darlene hana haraka.
Ana mhuri, ana daftari, ana miwani ya kamba;
anaigeuza fomu yangu kama anayenusa samaki wa jana,
halafu anairudisha.
"Hii haifai. Umeshatia saini.
Mimi sikukuona ukitia."

Ningemwelezaje?
Ile niliitia usiku, Oklahoma, kwenye kituo cha mafuta,
karatasi juu ya usukani,
baada ya siku sabini na moja za kuizungusha nchi nzima
chini ya kiti, pamoja na risiti na soksi.
Nyamizi alipiga simu mara tisa.
Ya kumi hakupiga, aliandika:
*Tausi hajafika miaka kumi na sita.
Bila mkono wako pasipoti hawampi.*

Mkono wangu!
Mkono ambao mahakama ya Buffalo iliupimia
Jumamosi mbili kwa mwezi,
leo serikali nzima inausubiri.
Nikiri: nilifurahi.
Nilikaa nao mfukoni
kama mwenye ufunguo wa ghala wakati wa njaa.

Na niliogopa.
Fomu inauliza jina, namba ya leseni,
nakala ya mbele na ya nyuma.
Haina kisanduku cha kuuliza: atarudi?
Tabora kuna asali, kuna binamu kumi na wanne,
kuna bibi anayejua kumpenda mtu
mpaka mtu asahau kwao.
Mimi nina chumba juu ya dobi
na kitanda cha kukunjua.

Mashine ikatema fomu mpya, ya moto kama chapati.
"Inua mkono wa kulia," akasema Bi Darlene.
Nikainua.
"Unaridhia kwa hiari yako? Hakuna aliyekulazimisha?"

Nikanyamaza.
Yupo aliyenilazimisha.
Ana miaka saba, na juzi kwenye simu
hakuuliza nitasaini lini. Aliuliza:
"Baba, bibi atanijua kweli,
na meno ya mbele yametoka?"

"Ndiyo," nikasema. "Kwa hiari."

Ile ya Oklahoma herufi zake zimelala,
nyasi zilizopitiwa na lori.
Hii niliiandika polepole, jina zima,
Hamduni Saidi Kapaya,
mama wa watu akinitazama kalamu.

Mhuri ukagonga. Dola kumi.
"Una miezi mitatu," akasema. "Ikipita, haina nguvu tena."

Kumbe ridhaa nayo huchacha, kama maziwa.
Nikavuka barabara mbio hadi posta
kabla yangu haijachacha.
Nyama ingoje.