Viatu vya Baba Mlangoni

Nyumba ya kupanga, Shanti Town, Moshi.
Geti la kijani, mbwa kafungwa,
na sebuleni, walikoondoa makochi,
Buddha mweupe wa kimo cha ndoo
amekaa, macho nusu, kama mtu
anayesikiliza redio ya jirani.

Mama alishasema tangu barabarani:
Mimi Mlutheri, nimebatizwa Machame.
Nitakaa. Sitapiga magoti.
Hakuna aliyemwomba apige magoti.

Bwana Wijeratna alifanya kazi na baba
miaka kumi na tisa kiwanda cha sukari,
yeye kwenye boila, baba kwenye mizani ya miwa,
wakigombana kwa Kiswahili kibovu cha mmoja
na ukaidi wa wote wawili.
Akapiga simu: "Kwetu, miezi mitatu ikitimia
tunamlisha mtawa kwa jina la aliyeondoka.
Njooni. Mchele nimeshanunua."

Kaka yangu Ndekirwa alivaa viatu vya baba,
vile vyeusi vya ibada, soli imebadilishwa mara mbili.
Akavivua barazani, katikati ya kandambili,
pua zikitazama ndani.
Nsia, mwenye miaka sita, akaviona.
"Kumbe babu ameshaingia," akasema,
akapita.

Hakuna aliyemsahihisha.

Mtawa alikuwa kijana, katoka Dar kwa basi,
shuka lake rangi ya bizari, mafua yamembana.
Alisoma kwa lugha ambayo hata Bwana Wijeratna,
aliniambia baadaye, haielewi yote.
Nikafarijika. Mimi nami nilimzika baba
kwa maneno niliyoyaelewa nusu.

Kisha wakaleta birika, kikombe, sinia.
Mimineni, tukaambiwa, mshike wote.
Mkono wa mama, wa Ndekirwa, wangu,
kidole cha Nsia kwenye mfuniko.
Kikombe kikajaa. Tukasita,
sisi tuliolelewa kwa maji ya mfongo,
maji ya zamu, ya kuamkiwa usiku na jembe:
kwetu mtu hamwagi.
Mtawa akatikisa kichwa, endeleeni,
na maji yakavuka ukingo,
yakashuka pande zote za kikombe
bila haraka, bila kuchagua upande.

Mama akanong'ona kitu. Si sala ya kitabuni.
Nililisikia jina la baba, lile la utotoni,
na neno la Kimachame, la wazee
waliomwaga mbege chini kabla ya kunywa,
neno lililokatazwa kanisani kabla hajazaliwa.
Sikujua kama analo.

"Yanafika?" akauliza kwa sauti yake ya sokoni,
kana kwamba anaulizia mkungu wa ndizi
uliopakiwa jana kwenda Dar.
Bwana Wijeratna akafuta meza kwa leso,
akafuta tena mahali palipokwisha kukauka.
"Mama Ndekirwa, mimi sijui.
Mumeo angepima."

Mama akacheka. Mara ya kwanza tangu Agosti.
Kicheko kikavu, kilimponyoka
birika lingali mkononi.

Tukala wali na dengu, na samaki
aliyemtoa Ndekirwa machozi
ambayo aliyasingizia pilipili.

Maji ya siniani hayakwenda kwenye sinki.
Yapelekwe kwenye mti, wakasema, mti wowote.
"Pale," mama akaelekeza, hata hakutafuta:
isale la uzio, jani lile lile
tunalolibeba tukienda kuomba radhi,
linalosimama kihambani, kichwani pa baba.
Nsia akabeba sinia kwa mikono miwili,
ulimi nje, akijitahidi,
na robo nzima ikamwagika kwenye ngazi.

Ndekirwa akavaa viatu, akakanyaga humo humo.
Kibo ilikuwa imejifunika.
Mimi nilikuwa nyuma yao, kwenye lami,
nikitazama soli za baba zikiandika:
kisigino, kidole, kisigino,
hadi karibu na mjakaranda wa tatu,
ambapo jua lilizinywa.