Dunia ya Saa Mbili

Dunia ile ya taarifa ya habari
tuliizungusha sisi, mimi na Shomvi,
chumba cha juu, Sinza, feni moja na hiyo mbovu.
Sekunde nane tu.
Kompyuta ilikesha siku tatu
nasi tukiomba umeme usikatike.

Ramani za kununua Shomvi hazitaki.
"Wameisahau Mafia," alisema,
akaichora kwa mkono, kitone kwa kitone,
kisiwa kisichozidi punje ya ulezi.

Utepe mwekundu chini ya majina, ule nao wetu.
Waziri akibadilishwa usiku
simu ililia kwetu kwanza.

Kisha kituo kikanunua programu.
Kijana wao anabonyeza, dunia inatoka,
laini, ya buluu,
ileile ya Lusaka, ileile ya Manila.
Hakuna aliyetufukuza.
Simu tu ilinyamaza.

Siku hizi Shomvi anachapa kadi za michango ya harusi.
Jana tulikaa kwa muuza chipsi,
runinga ukutani, haina sauti.
Saa mbili kamili ikazunguka.
Akaacha kutafuna,
akaisubiri Afrika ipite mbele.

"Mafia hakuna," akasema,
akaomba pilipili.